Kona ya Chini, Kushoto

Ukitaka kona ya kitambaa iwe ya duara, usiamini jicho lako. Chukua kisahani cha chai, kilaze juu ya kona mpaka kiguse kingo zote mbili, pitisha kipande cha sabuni kavu kukizunguka, kisha kata. Kisahani kidogo, kona inalegea kidogo. Sahani ya wali, kona inalegea sana. Kahambu alikuwa akifanya hivyo tangu mwaka lava ya kwanza iliposhuka mjini, na hakuna mtu aliyemfundisha. Vitambaa vya meza vilianikwa juu ya ukuta wa mawe, na mawe ya Goma yana meno. Kona kali inanaswa, nyuzi zinachomoka, kazi ya wiki mbili inageuka tambara la kufutia sufuria. Siku moja akachoka, akaingia ndani, akatoka na kisahani.

Rafiki yake Nshobole alikuwepo siku hiyo. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mama Élisée, unakata nguo kama mutu anakata mukate?"

"Cheka tu, Mama Mirindi. Kesho utakuja kuniomba kisahani."

Hakungoja kesho. Jioni ile ile alikuja na chake.

Walikuwa wamefahamiana kwenye foleni ya maji, Kahambu Mnande wa Butembo, Nshobole katoka upande wa Bukavu, kila mmoja na watoto wake na ndoo yake, na hakuna kati yao aliyebaki na nyumba. Ndiyo sababu waliitana kwa majina ya watoto wao wa kwanza. Wakati ule mtoto ndiye mali pekee mtu aliyoweza kuionyesha. Kutoka kwenye foleni ile walitoka na urafiki, na kutoka kwenye urafiki wakatoka na ateliye, pale Ndosho, chumba kimoja cha mbao chenye mlango wa bluu, ambamo sasa wanashona na kudarizi wamama wanane.

Namna yao ya kazi ilikuwa hii. Kitambaa kimoja, watu wawili. Kahambu alidarizi kona ya juu kushoto na ya chini kulia. Nshobole alichukua mbili zilizobaki. Walikaa wakitazamana, kitambaa katikati yao juu ya magoti, ili upande wowote utakaoutazama ukute kazi ya wote wawili. Wateja hawakujua. Wao walijua, na iliwatosha.

Kahambu aliishia darasa la sita la shule ya msingi. Anasoma, lakini polepole, kidole chini ya neno. Nshobole alimaliza sekondari, anaongea Kifaransa cha kuandika barua, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa prezida wa ateliye na ndiye aliyesaini karatasi. Jambo hilo halikuwahi kumuuma Kahambu. Mmoja awe na kalamu, mwingine awe na kisahani, shida iko wapi?

Kisha akaja Kasoki na kompyuta yake.

Kasoki ni mjukuu wa Kahambu, binti wa Élisée, ana miaka ishirini na mitatu. Alijifunza kutengeneza kurasa za intaneti kwenye kituo kimoja cha Katindo, na aliporudi na cheti chake akasema ateliye haiwezi kuendelea kujulikana na majirani tu. Itapata ukurasa wake. Mtu akiwa Lubumbashi, akiwa Ulaya, afungue simu aone vitambaa.

Wiki tatu alikuja kila mchana na kukaa mezani kati ya wale wamama wawili. Aliwaonyesha kila alichokifanya, maana hakutaka kuwafanyia kitu wasichokielewa. Siku aliyofikia visanduku vya picha, Kahambu aliinama, akatazama kioo, akakunja uso.

"Hizi sanduku ziko na meno."

"Meno gani, Koko?" Kasoki akamwuliza bibi yake.

"Kona. Zitashika nguo za watu."

Kasoki akacheka. "Ngoja nikuonyeshe. Kuko mustari moja tu." Akaandika kwa herufi ndogo: border-radius: 24px. Na mbele ya macho yao kona zote nne za kila sanduku zikalegea kwa mara moja, bila mkasi, bila sabuni.

"Yesu Maria," Nshobole akasema.

"Hiyo ishirini na nne ni nini?" Kahambu akauliza.

"Ni kisahani chako, Koko. Nusu ya kisahani, kutoka katikati mupaka kwenye mudomo wake. Ishirini na nne ni vitone vya mwanga kwenye kioo. Ukitaka kisahani kikubwa, unaandika hamusini. Ukitaka kidogo, nane."

"Na kila kona inaweza kuwa na kisahani chake?"

"Inaweza. Unaandika namba ine. Ya kwanza ni kona ya juu kushoto, halafu unazunguka kama saa. Ukiandika moja tu, zote ine zinaivaa."

Kahambu akapiga goti lake kwa kiganja. "Kitendawili!"

"Tega," wakajibu wote wawili.

"Niko na watoto wane. Nikinunua nguo moja, wote wanavaa."

"Kona!" Nshobole akapiga kelele. "Kona na ule mustari!" Wakacheka kama wasichana, na mchana ule hawakushona hata sindano moja. Walibadilishana kibodi. Kasoki aliwafundisha mlango wa nyuma wa ukurasa, pale unapoingia kwa neno la siri na kubadilisha namba mwenyewe. Nshobole akaandika asilimia hamsini badala ya vitone, na picha ya kitambaa ikawa yai. Picha nyingine, ya mraba, ikawa duara kamili kama sarafu.

"Ona, imekula kona zake!"

"Haikukula," Kasoki akasema. "Picha iko nzima chini. Ile mustari inaficha tu. Ukiitoa, kona zinarudi."

Neno la siri alilichukua Nshobole, kwa kuwa ni prezida. Aliliandika nyuma ya kitabu chake cha sala.

Juu kabisa ya ukurasa Kasoki aliweka picha ya wenye ateliye. Aliipiga mwenyewe, mlangoni, saa nne asubuhi. Nshobole yuko katikati, ameketi kwenye kiti chenye mgongo, kitambaa kimetandazwa magotini mwake kikishuka. Kahambu yuko chini, upande wa kushoto, kwenye kigoda, ameshika ncha ya kitambaa isiguse vumbi, ameinua uso anacheka. Hakuna aliyewapanga. Kahambu alikaa chini kwa sababu kigoda kilikuwa karibu. Chini ya picha iliandikwa: Mama Kahambu na Mama Nshobole, waanzilishi.

Mwezi wa pili wa ukurasa, barua ikafika kwa simu kutoka Bukavu. Nyumba moja ya ufundi ilikuwa inatafuta mama mwanzilishi mmoja, akae kwao mwezi mzima, afundishe wasichana kudarizi, na mwisho afanyiwe sherehe. Walikuwa wameuona ukurasa. Wataurudia tena, wataona na wengine, halafu watachagua.

Nshobole aliisoma kwa Kifaransa, kisha akaitafsiri, na sauti yake ilitetemeka kidogo aliposema Bukavu.

"Tuandike tuko wawili," Kahambu akasema. "Wakitaka mumoja, waseme wenyewe."

"Njo vile, Mama Élisée. Wawili. Kabisa," Nshobole akakubali.

Kahambu hakuwa na haja ya mashua ya kuvuka ziwa wala ya sherehe. Magoti yake hayapendi mawimbi. Wangemchagua Nshobole, angemfungia chakula cha njiani kwa mikono yake mwenyewe na kumsindikiza bandarini. Alichokitaka ni kile kilichokuwa ndani ya picha: watu waone kwamba walikuwa wawili. Hilo tu. Miaka yote ile hakuna aliyewaandika mahali popote, na sasa walikuwa wameandikwa.

Wiki ile akafa wifi yake Kahambu, kule Murara. Kahambu akaenda kukaa kilioni, Ijumaa mpaka Jumatatu, kwenye mkeka, pamoja na wamama wengine wa familia. Nshobole alikuja Jumamosi, akalia naye, akakaa naye. Jumapili alituma ujumbe kwamba kichwa kinampasuka, hataweza. Kahambu akamwonea huruma. Akamtumia mtu na supu.

Jumanne akarudi kazini. Katikati ya mchana alimwomba mmoja wa wamama simu, amwonyeshe mteja ukurasa. Intaneti ilivuta, ikavuta, kisha picha ya juu ikafunguka.

Ilikuwa yai. Ndani ya yai, Nshobole peke yake, kitambaa magotini, mzuri kama picha ya harusi.

Kahambu akageuza simu, kana kwamba yeye angekuwa amedondokea upande wa pili. Kisha akaona, kwenye ukingo kabisa wa yai, chini kushoto, vidole viwili vimeshika ncha ya kitambaa. Kidole kimoja kilikuwa na kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano. Kilikuwa chake. Alikuwa amekivaa hata wakati ule alipokuwa anakitazama.

Unajua alifanya nini? Alicheka. Akamwita Nshobole.

"Mama Mirindi, njoo uone! Ordinatere imenikula, imebakisha vidole!"

Nshobole akaja, akatazama, akakohoa.

"Ah, mashini hizo. Zinajifanyia tu."

"Huyu Kasoki nitamuvuta masikio. Amekosea kisahani!"

"Mutoto anachoka, Mama Élisée. Usimugombeze. Ni kitu kidogo." Na Nshobole akarudi kwenye sindano yake, akakosa tundu mara mbili.

Kahambu alimngoja mjukuu wake nyumbani, amemwandalia maneno ya kumchokoza. Kasoki alipoingia hata kiatu hajavua, akayapata yote: kwamba amemmeza bibi yake, kwamba cheti cha Katindo kirudishwe, kwamba hata mwanafunzi wa kushona anajua sahani ya wali haikati kona ya leso. Kasoki akacheka, akafungua kompyuta ili arekebishe. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni.

"Koko, hii si miye."

"Si wewe nani?"

"Miye niliacha ishirini na nne. Hapa imeandikwa asilimia hamusini." Akasogeza kidole. "Na maneno ya chini. Nani amebadilisha maneno ya chini?"

Kahambu akasogea, akaweka kidole chini ya neno. Mama. Nshobole. Mwanzilishi. Akarudia, pengine ameruka neno. Hakuwa ameruka.

Mashine inaweza kukosea kona, alijisemea. Mashine haiwezi kufuta jina langu na kurekebisha sarufi.

"Inaonyesha saa?" akauliza.

"Inaonyesha. Jumapili, saa nane mchana. Neno la siri tuko nalo watu wawili tu, Koko. Miye na..." Kasoki akashindwa kumalizia. Naye pia alikuwa amekua kwenye mgongo wa Nshobole.

Jumapili, saa nane mchana. Saa hiyo Kahambu alikuwa kwenye mkeka, anamkabidhi mtu bakuli la supu. Alitulia kabisa, mikono magotini. Kilichomuuma zaidi ya vyote kilikuwa kidogo, na alishangaa kukigundua: Nshobole hakufundishwa na adui. Alifundishwa mezani kwao, wakicheka, siku ile hawakushona hata sindano moja. Ile asilimia hamsini aliijua kwa sababu ya furaha ile.

Kesho yake alikwenda ateliye mapema, kabla ya wengine. Nshobole alikuwa anafagia mlangoni.

"Uliamka vipi, Mama Élisée?"

"Niliamka. Kitendawili."

Nshobole akasimamisha ufagio. Kisha akatabasamu, kwa mazoea. "Tega."

"Imenimeza, lakini sijatoka pale nilikuwa."

Nshobole akatazama chini. Akafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Sijui. Ni... kivuli?"

"Hapana."

"Usingizi."

"Hapana."

"Nimeshindwa, basi. Nakupa muji."

"Muji gani?"

"Kisangani."

"Sitaki Kisangani," Kahambu akasema. "Nipe Bukavu."

Ufagio ukaegemezwa ukutani. Chukudu ilipita barabarani na mzigo wa viazi, magurudumu yake ya mbao yakigonga mawe, na wote wawili wakaingoja ipite kana kwamba ni mgeni.

"Mutoto amekuambia," Nshobole akasema.

"Namba njo zimeniambia. Jumapili, saa nane. Nilikutumia supu, Mama Mirindi. Ulikula?"

"Usiniulize vile."

"Nakuuliza. Ulikula kwanza, ao uliniondoa kwanza?"

Nshobole akakaa kwenye kizingiti, akajifunika mdomo kwa kitenge. Alipoongea, aliongea haraka, kama mtu aliyekuwa ameyapanga maneno siku nyingi.

"Wanataka mumoja. Uliisikia barua. Ukurasa wa wawili, watasema huyu njo nani na yule njo nani, watapita kwa wengine, na sote tutakosa. Wewe hutaki kwenda, ulisema mwenyewe magoti. Kifaransa huna. Utasimama mbele yao useme nini? Na wewe hujui nilivyotoka Bukavu. Nilitoka na mutoto mugongoni na watu wa kwetu wananicheka mupaka kwenye mashua. Nilitaka kurudi mara moja tu, mara moja, watu wakisimama."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini?"

"Hayo. Hayo yote umesema sasa. Ningesema, Mama Mirindi, enda, andika jina lako kubwa, miye nitakushonea nguo ya kuvaa. Hukuniomba. Ulingoja nikae kwenye kilio."

Nshobole akaikunja ncha ya kitenge chake.

Kahambu akatoa simu aliyoazima kwa Kasoki. Ukurasa ulikuwa tayari umefunguliwa kwa mlango wa nyuma, mstari umewekwa wazi, kilichobaki ni kufuta. Akamnyooshea.

"Kuko mutu moja anaweza kuitoa hii, na si Kasoki. Wewe uliiweka. Itoe na mukono wako, halafu tuingie tushone. Sitasema neno lingine. Hata wamama hawatajua."

Nshobole akapokea simu. Kidole chake kikasimama juu ya kioo. Kahambu alikitazama kidole kile, alichokijua kuliko vidole vya dada zake, na moyoni akakisukuma: gusa, gusa tu, ndugu yangu.

"Wanachagua Ijumaa," Nshobole akasema polepole. "Ni siku mbili. Niache mupaka Ijumaa, Mama Élisée. Kisha narudisha kila kitu. Nakuapia."

Akamrudishia simu.

Kahambu aliifunga ndani ya kitenge chake, akaingia ateliye, akachukua begi lake la nyuzi, akatoka. Kwenye meza palikuwa na kitambaa ambacho Nshobole alikuwa amemaliza kona zake mbili, na mbili zilikuwa bado nyeupe. Hakukigusa.

Njia nzima hakulia. Alinunua nyanya, akabishana juu ya nyanya iliyopondeka, akabadilishiwa. Kasoki alimkuta jikoni anazikata ndogo mno.

"Amekataa?"

"Amesema Ijumaa."

Kasoki akarusha mkoba wake kitandani. "Basi ngoja. Niko na neno la siri na miye." Akaketi, akaandika kwa hasira, vidole vikigonga kama mvua juu ya mabati. "Koko, ona. Bado hawajachagua. Wakifungua leo wataona hivi."

Alikuwa amebadilisha picha za vitambaa vyote, arobaini na kitu. Kwenye kila kitambaa aliacha kona mbili za Kahambu zilivyo, na zile mbili za Nshobole akazipa asilimia hamsini. Kona za Nshobole zilikuwa zimetoweka. Maua aliyoyadarizi, majani yake ya kijani mawili mawili, ndege wake wadogo wasio na miguu, vyote vimefichwa. Kila kitambaa kilikuwa na umbo la jani, ncha mbili, na kwenye kila ncha kazi ya Kahambu peke yake.

"Asilimia hamusini kwa asilimia hamusini," Kasoki akasema. "Yeye ameficha wewe mara moja. Wewe unamuficha mara makumi ine."

Kahambu alitazama kwa muda. Lazima niseme ukweli: alipenda alichokiona. Kwa pumzi mbili tatu kifua chake kilijaa. Aliwaza Nshobole akifungua simu mbele ya watu, akitafuta ndege wake. Kisha jicho lake likatulia kwenye kitambaa kimoja cha zamani, cha njano, walichokishona mwaka Mirindi alipougua, na Nshobole akadarizi kona zake kando ya kitanda cha hospitali, na Kahambu amekaa miguuni pa kitanda anafanya zake. Kilikuwa jani zuri. Lakini hakuwa amewahi kushona jani.

"Rudisha," akasema.

"Koko!"

"Rudisha, mutoto. Kitambaa hakikunikosea kitu."

"Basi nitoe na ile ya foto? Ni mustari moja tu. Sasa hivi unarudi."

"Hapana. Ile uache. Nataka kujua kama atafika Ijumaa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, lakini hakukaa vizuri siku zile mbili. Kila baada ya muda alimwambia Kasoki afungue. Alhamisi asubuhi, yai. Alhamisi jioni, yai. Alikuwa anajiambia hamngojei mtu, huku akinyoosha shingo.

Ijumaa adhuhuri wamama wawili wa ateliye walipita kumsalimia, wakamletea habari kwa furaha, maana hawakujua lolote. Bukavu wamemchagua prezida! Anapanda mashua Jumapili. Na Mama Kahambu mbona haonekani, ni magoti?

"Ni magoti," Kahambu akasema, na akawapa chai.

Walipoondoka, Kasoki akafungua ukurasa bila kuambiwa. Yai. Jumamosi, yai. Jumapili Kahambu alikwenda misa ya kwanza, akakaa nyuma, na wakati wa kupeana amani akawapa mkono watu wa mbele yake wote. Saa za mashua zikapita. Jumatatu asubuhi alikuwa anachambua maharagwe uani wakati Kasoki alipotoka mbio, kompyuta wazi mikononi, waya ukiburuta.

"Koko! Koko, amerudisha! Ona, uko!"

Ilikuwa kweli. Picha ilikuwa na kona zake za kisahani kidogo, ishirini na nne, na chini kushoto, kwenye kigoda, alikuwepo Kahambu mzima, uso juu, anacheka. Maneno yalikuwa yamerudi. Mama Kahambu na Mama Nshobole, waanzilishi.

"Saa ngapi?"

"Jana, saa tisa. Alikuwa amefika." Kasoki alikuwa bado anatabasamu. "Alisema atarudisha na amerudisha, ona."

"Amerudisha," Kahambu akakubali. "Amefika, amepokewa, ameonyeshwa kitanda chake, amerudisha."

Tabasamu la Kasoki likapungua.

Kahambu alivuta kompyuta karibu. Hakuwa amewahi kujitazama hasa kwenye picha ile. Siku zote alikuwa anawatazama wawili. Sasa alimwona mwanamke wa chini. Alikuwa ameketi karibu na miguu ya mwenziwe, ameshika nguo ya mwenziwe isiguse vumbi, na alivyokuwa anamtazama usoni, mtu yeyote angeona kwamba hana wasiwasi hata kidogo. Mtu huyo alimtia aibu, na alimtia huruma. Wiki nzima alikuwa amemlilia arudi, na sasa amerudi hakuweza kumtazama zaidi.

"Ile ya asilimia hamusini," akasema. "Iweke."

"Koko?"

"Iweke tena. Nifiche."

"Lakini njo kile ulikuwa unataka! Wawili. Watu waone."

"Wakati ilikuwa na bei kwake, alikataa. Sasa haimugharimu kitu, ananipa. Sikai pale chini kwa kupewa." Akachukua ungo wake wa maharagwe, akautikisa. "Maneno uyaache. Waanzilishi tulikuwa wawili, huo ni ukweli, na ukweli si wa kwake wala wa kwangu. Foto njo siitaki."

Kasoki akaketi kwenye ngazi ya uani, kompyuta magotini. Aliandika namba, akasita.

"Na akirudi akiuliza nani ameweka?"

"Mwambie ni miye. Mwambie nilikuwa nimekaa hapa, mchana, mbele ya mutu, na sikungoja alale wala akae kwenye kilio."

Kasoki akabonyeza. Kona zikajifunga, zote kwa pamoja, na Kahambu akarudi kwenye maharagwe yake, akitoa mawe.